Sahani Moja, Pande Mbili

Waswahili hawakukosea walipoiita rekodi ya muziki sahani. Zile za kwanza kuzunguka kwenye santuri za Unguja, Lamu na Mombasa zilikuwa nyeusi, nzito, na moja ikiponyoka mkononi ilivunjika vipande vipande kama sahani ya chakula. Hazikuwa za plastiki. Zilitengenezwa kwa utomvu wa mdudu mdogo anayeishi kwenye miti ya India, ukachanganywa na unga wa mawe, na zilizunguka mara 78 kwa dakika. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay, wakaimba mbele ya mitambo ya kampuni ya Gramophone, ile yenye nembo ya mbwa anayesikiliza sauti ya bwana wake. Taarabu ya Kiswahili ikaingia kwenye sahani za namna hiyo.

Za plastiki zilikuja baadaye. Kampuni ya Columbia ya Marekani ilitoa sahani kubwa ya inchi 12 mwaka 1948, ile tunayoiita LP, inayozunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika. Wapinzani wao wa RCA Victor wakajibu mwaka 1949 kwa sahani ndogo ya inchi 7 ya mwendo wa 45. Hiyo ndogo ndiyo iliyoshika Afrika Mashariki. Ilikuwa nafuu, na ilifaa kwa jukeboksi za baa kama ilivyofaa kwa sebule. Leo mtu akifungua kabati la marehemu baba yake, iwe Tabora, Kisumu au Muscat, akakuta rundo la vitu vyeusi ndani ya karatasi zilizotafunwa na mende, mara nyingi alichokikuta ni hizo.

Swali linalofuata karibu kila mara ni lilelile: nyimbo hizi zitaingiaje kwenye simu?

Jibu la haraka wengi wanalijua. Weka simu mbele ya spika, bonyeza kitufe, subiri. Ni jibu baya. Simu itanasa wimbo, sawa, lakini itanasa pia jogoo wa jirani, bodaboda inayopita, mwangwi wa sebule na mtu anayeuliza jikoni kama chumvi imekwisha. Kipaza sauti cha simu kilitengenezwa kwa maongezi. Besi ya gitaa hakiijui. Mtu aliyefika hatua ya kulifungua kabati na kufuta vumbi anaweza kufanya kazi bora kuliko hiyo, nyumbani kwake, bila studio na bila fundi wa kulipwa kwa saa.

Inafaa kueleza kwanza kwa nini kazi hiyo ina uzito. Katika miaka ya 1960 na 1970 Nairobi ilikuwa mji mkuu wa sahani kwa ukanda huu mzima. Palikuwa na studio, palikuwa na kiwanda cha kuchapa, na palikuwa na wafanyabiashara waliojua wimbo upi utauzika Kakamega na upi utauzika Mwanza. Lebo ya Equator ya Charles Worrod iliwatoa Fadhili William na Daudi Kabaka. Mombasa, duka la Assanand lilitoa taarabu kwa lebo iliyoitwa Mzuri. Kericho, katikati ya mashamba ya chai, biashara ya familia ya Chandarana ilirekodi benga. Tanzania iliegemea redio zaidi: Radio Tanzania Dar es Salaam iliziingiza bendi studio na kuzirekodi kwenye kanda za riili, lakini bendi iliyotaka sahani ilitazama ng'ambo ya mpaka. Wapo waliovuka wakahamia kabisa. Simba Wanyika walitoka Tanga, wakaja kuwa bendi ya Nairobi. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro sahani zake zilitoka kwa kampuni ya Polygram ya Kenya, na alipofariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, kampuni hiyo ilizikusanya nyimbo zake katika mfululizo wa LP uliopewa jina la Ukumbusho.

Kisha kaseti ikaja, na mtu mwenye redio ya kaseti mbili akawa kiwanda kwa haki yake. Biashara ya sahani ikafa. Kanda mama, yaani zile za studio ambazo sahani zilitokana nazo, nyingi hazijulikani zilipo.

Ndiyo maana watu wa nje wanaochapisha upya muziki wetu wamekuwa wakitafuta sahani zenyewe. Mwaka 2007 lebo ya Topic ya Uingereza ilitoa mkusanyo wa muziki wa Kiswahili wa miaka ya 1920 hadi 1950, kutoka sahani za mwendo wa 78 zilizohifadhiwa kwenye hazina ya sauti ya British Library. Mwaka 2013 Soundway, nayo ya London, ilitoa Kenya Special, nyimbo 32 za miaka ya 1970 na 1980 ambazo nyingi zilikuwa zimetoka kwenye sahani ndogo tu. Kitu kilichouzwa dukani kama nakala, maelfu kwa maelfu, sasa ndicho kinachotumika kama asili. Na sehemu kubwa ya asili hizo zimo kabatini mwa watu, chini ya pasi ya mkaa na albamu za harusi.

Basi kazi inaanzia kwenye beseni, kabla ya kompyuta.

Sahani iliyokaa miaka 40 bila kuguswa ina vumbi ndani ya mifereji yake, ina mafuta ya vidole, na pwani ina kuvu pia, kwa sababu hewa ya chumvi na unyevu haisamehi karatasi. Ukiipiga hivyo hivyo, sindano inasukuma uchafu mbele yake kama greda, na uchafu huo unakwangua mfereji. Sahani ya plastiki huoshwa kwa maji safi yasiyo na madini, tone moja la sabuni laini, na kitambaa kisichoacha nyuzi, ukifuata mzunguko wa mifereji bila kuikata. Kisha isuuzwe vizuri, maana sabuni iliyobaki hukauka na kuwa uchafu mwingine. Lebo ya katikati isilowe. Maji ya bomba ya miji mingi yana chumvi inayoacha ukungu mweupe yakikauka, na hapo ndipo kituo cha mafuta kinaposaidia: maji yaliyochujwa madini yanayouzwa kwa ajili ya betri za magari ni rahisi kupata. Soma chupa vizuri. Kwenye rafu hiyohiyo huwa kuna asidi ya betri, na hiyo si ya kuosha chochote.

Onyo moja kwa wenye bahati ya kuwa na sahani za zama za Siti. Spiriti, ambayo wengine huitumia kusafishia sahani za plastiki, huyeyusha zile za utomvu. Ukipitisha pamba yenye spiriti juu ya sahani ya mwendo wa 78, pamba inashika rangi, na rangi hiyo ndiyo muziki wenyewe unaoondoka. Hizo zifutwe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo tu, zikaushwe hapohapo.

Sahani iliyopinda kwa joto ni habari nyingine. Plastiki yake hulainika kwenye joto ambalo gari lililoegeshwa juani Dodoma linalifikia bila shida. Ikiwa imepinda kidogo, sindano itapanda na kushuka lakini wimbo utapita. Ikiwa imekuwa kama chapati iliyopulizwa, usijaribu kuinyoosha kwa pasi. Wapo waliojaribu.

Sasa sindano. Wengi wana radiogramu ya zamani, ule mkasha wa mbao wenye miguu minne uliokuwa fahari ya sebule, na wangependa kuutumia. Uzuri wake hauna ubishi. Lakini mkono wake ni mzito, na sindano yake huenda haijabadilishwa tangu Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ivunjike mwaka 1977. Mashine nzuri ya leo hubonyeza sahani kwa uzito wa gramu 2 hivi. Radiogramu inaweza kubonyeza kwa gramu 5 au zaidi, na hapo hatujataja ile tiba ya mtaani: sahani ikirukaruka, mtu anabandika sarafu juu ya kichwa cha mkono. Ile ya senti kumi yenye tundu katikati ilipendwa sana kwa kazi hiyo. Ilitibu kuruka, ndiyo, kwa kulima. Kila mpigo uliondoa kidogo cha sauti za juu, zile za matoazi na za herufi "s" kinywani mwa mwimbaji, na zilizoondoka hazirudishwi na programu yoyote.

Kama kuna kitu kimoja cha kununua kipya, basi kiwe sindano. Almasi yake ni ndogo kuliko chembe ya mchanga, na ndicho kitu pekee kinachogusa muziki. Sahani ya plastiki inataka ncha nyembamba. Ya mwendo wa 78 ina mfereji mpana, kiasi cha mara tatu, na inataka ncha yake nene. Ukiweka nyembamba, inaburuzwa kwenye sakafu ya mfereji palipojaa takataka, na unachosikia ni mvua juu ya bati huku mtu akiimba nyumba ya pili.

Mashine yenyewe haihitaji kuwa ya kifahari. Zipo zenye waya wa USB, zinazochomekwa moja kwa moja kwenye kompyuta, na kwa mtu mwenye sahani 30 au 50 hizo zinatosha ilimradi mkono wake si wa plastiki hafifu. Wanaoletewa mashine na ndugu walio Marekani waangalie jambo moja. Umeme wa kule hupiga mizunguko 60 kwa sekunde, wa kwetu 50. Mota ya kizamani inayofuata mapigo ya umeme itazunguka hapa kwa kasi ya tano kwa sita: kibadilisha volti kitaiokoa isiungue, lakini hakitairudishia mwendo, na mwimbaji wa kike ataimba kama mjomba wake. Mashine nyingi za sasa hazina tabia hiyo. Za zamani zinayo.

Mwenye mashine ya kawaida na amplifaya ya zamani yuko mahali pazuri zaidi, akijua kitu kimoja ambacho kimewachanganya wengi. Sauti inayotoka kwenye sindano ni dhaifu mno, milivolti chache tu, na tena imepotoshwa kwa makusudi. Mtu anayechonga sahani hupunguza besi, kwa sababu besi nzito ingeufanya mfereji uyumbe hadi uingie kwa jirani yake, na huongeza sauti za juu ili ziushinde mchakacho wa plastiki. Tangu mwaka 1954 kampuni za Marekani zilikubaliana kiasi kamili cha kupunguza na kuongeza, na dunia ikafuata. Kwa hiyo wakati wa kupiga lazima kuwe na chombo kinachogeuza mambo: kurudisha besi na kushusha zile za juu. Kwenye amplifaya ya zamani chombo hicho kimo ndani, nyuma ya tundu lililoandikwa PHONO. Amplifaya mpya nyingi hazina tundu hilo, na hapo hununuliwa kiboksi kidogo cha pembeni kinachofanya kazi hiyo.

Anayeruka hatua hii, akachomeka mashine moja kwa moja kwenye tundu la kipaza sauti la kompyuta, hupata muziki mwembamba unaolia kama umo ndani ya kopo la maziwa. Kisha anailaumu sahani.

Kutoka amplifaya, waya unachukuliwa kwenye tundu lililowekwa kwa ajili ya kurekodia kaseti, si kwenye tundu la spika, unaingia kwenye kompyuta. Ukisikia mvumo wa chini usiokoma, tafuta waya mwembamba wa pekee unaoning'inia nyuma ya mashine: huo ni wa ethi, na una skrubu yake kwenye amplifaya. Kwa upande wa kompyuta, programu ya Audacity ni ya bure, imekuwapo tangu mwaka 2000, na inafanya yote yanayohitajika hata kwenye kompyuta iliyochoka. Kabla ya kurekodi, piga sehemu ya wimbo yenye kelele nyingi, mara nyingi pale tarumbeta zinapoingia kwa pamoja, utazame mshale wa sauti. Usiguse ukomo wa juu. Kwenye kaseti, sauti ikizidi kidogo ilileta joto fulani ambalo masikio yaliweza kulivumilia. Kwenye kompyuta ikizidi hupasuka, na iliyopasuka imepasuka. Acha nafasi juu.

Kisha unabonyeza kurekodi, unashusha sindano, na unakaa.

Hapa ndipo kazi hii inapotofautiana na kunakili picha kwenye flashi. Hakuna njia ya mkato. LP ya dakika 40 inakula dakika 40. Sahani ndogo, ukijumlisha kuosha, kugeuza, kupiga picha na kuandika jina la faili, hula nusu saa. Mwenye sahani 200 ana saa 100 mbele yake. Umeme ukikatika katikati, kompyuta ya mapajani itaendelea na betri yake huku mashine ikipungua mwendo taratibu, na kompyuta itarekodi kwa uaminifu jinsi bendi nzima inavyozama mtoni ikiendelea kupiga. Wengine wameziacha faili za namna hiyo kama burudani. Waliofika mbali na kazi hii wengi ni wale waliojiwekea sahani 3 au 4 kila Jumapili mchana, wakaziacha ziwe ndiyo muziki wa chakula.

Kwenye sahani ndogo za ukanda wetu kuna jambo la kupendeza linalostahili kuangaliwa kidogo. Wimbo wa dansi wa miaka ile ulikuwa mrefu kuliko upande mmoja. Ulianza polepole kwa mashairi, kisha kasi ikapanda, gitaa likaachiwa njia, na hapo ndipo watu walipoinuka vitini. Wanamuziki wa Dar es Salaam wana jina la sehemu hiyo, chemko. Sahani ya inchi 7 haikutosha kwa safari yote, kwa hiyo wimbo ulikatwa mara mbili, sehemu ya kwanza upande mmoja na ya pili upande wa nyuma. Mashairi yanakwisha, sauti inafifia. Mtu anainuka, anageuza sahani. Sauti inapanda tena, na gitaa limeshapata moto.

Kwenye kompyuta pande hizo zinaweza kuunganishwa. Unarekodi upande wa kwanza, unarekodi wa pili, unatafuta pigo la ngoma mahali sauti inapoanza kufifia, unatafuta pigo linalofanana nalo mwanzoni mwa upande wa pili, unayalaza moja juu ya jingine kwa sekunde mbili tatu. Ikishikana vizuri, unasikia kwa mara ya kwanza kitu kinachokaribia kile kilichopigwa studio siku ile, bila mtu kuinuka kitini. Wengine watasema huko ni kuiharibu sahani. Hoja yao ina mashiko nusu: pande mbili zihifadhiwe kama zilivyo, kila moja na faili yake, na ule muunganiko uwe nakala ya tatu, ya kuchezea.

Baada ya kurekodi, majaribu yanaanza. Audacity ina kitufe cha kuondoa mitatariko, na kingine cha kupunguza mchakacho wa nyuma. Mtu akivigundua mara ya kwanza huwa kama aliyepata wembe mpya, ananyoa kila kitu. Mtatariko mmoja mmoja, ule wa mkwaruzo unaopiga kila mzunguko, unaondolewa bila madhara. Mchakacho ni hadithi tofauti. Programu haijui tofauti ya mchakacho wa plastiki na pumzi ya mpiga saksafoni, wala na kayamba, wala na ule mlio wa ukucha kwenye waya wa udi. Ukiikaza sana, inavifuta vyote, na kinachobaki ni muziki unaosikika kama umo chini ya maji. Mtandaoni zimo taarabu za Mombasa zilizooshwa hivyo hadi mpiga udi hana vidole tena. Afadhali mchakacho.

Ipo njia moja isiyo na madhara ambayo wachache huitumia. Sahani nyingi ndogo za Afrika Mashariki za miaka ile ni mono: sauti ni moja tu, haina kushoto na kulia. Sindano ya stereo inapozisoma, hutoa njia mbili zenye muziki uleule lakini zenye kelele tofauti kidogo, kwa sababu muziki umechongwa kwa mwendo wa ubavuni na sehemu kubwa ya uchafu husukuma sindano juu na chini. Ukiamuru programu ijumlishe njia mbili kuwa moja, muziki unabaki na kelele nyingi za juu na chini zinafutana zenyewe. Ni kubonyeza mara mbili tu, na kayamba linabaki na punje zake.

Kuhusu aina ya faili, mabishano hayana mwisho na mengi hayamhusu mtu wa nyumbani. CD ilipotoka ilipanga kuchukua sampuli 44,100 za sauti kila sekunde, kila moja kwa biti 16. Sauti ya kiwango hicho bila kubanwa, katika faili ya WAV, hula takriban megabaiti 10 kwa dakika. Wahifadhi wa kumbukumbu hupenda sampuli 96,000 kwa biti 24, ambazo hula takriban 35 kwa dakika, yaani LP nzima kama gigabaiti 1.4. Zamani hilo lilikuwa tatizo. Leo flashi ya gigabaiti 64 inabeba LP zaidi ya 40 za kiwango hicho. Kwa hiyo nakala ya kutunza iwe WAV, au FLAC, ambayo hubana faili bila kupoteza chochote. MP3 ni ya kusikilizia kwenye gari na ya kumrushia shangazi kwenye simu. Kosa ni kutengeneza MP3 kisha kuitupa ile kubwa, na kosa hilo limefanywa na watu makini kabisa. Flashi nazo hufa bila kuaga, kwa hiyo nakala ziwe mbili, na moja ilale nyumba nyingine.

Faili bila maandishi ni sahani bila lebo, na hapa ndipo wengi huangukia baada ya kufanya yote mengine vizuri. Kompyuta inaipa faili jina lake, "Track 01", mtu anasema ataandika kesho. Baada ya mwaka ana nyimbo 150 zisizo na wenyewe.

Lebo ile ndogo ya duara ina mengi. Ina jina la bendi, mtunzi, lebo, namba ya orodha, na kwenye eneo tupu linaloizunguka kuna namba nyingine iliyochorwa ndani ya plastiki yenyewe, inayoonekana ukiinamisha sahani kwenye mwanga. Namba hiyo ndiyo inayotofautisha chapa moja na nyingine ya wimbo uleule. Na jina la lebo si urembo. Phares Oluoch Kanindo alikuwa mfanyabiashara wa sahani aliyesambaza benga kutoka Kenya, na sahani zake zilifika hadi Zimbabwe. Wasikilizaji wa huko hawakujua neno benga. Walilijua jina lililoandikwa kwenye lebo, na muziki wenyewe wakauita kanindo, jina unalobeba huko mpaka leo.

Jina la mtunzi nalo lina kesi zake. Malaika, wimbo ambao pengine ndio wa Kiswahili unaojulikana zaidi duniani, una zaidi ya mtu mmoja aliyedai kuutunga. Anayenakili hana mamlaka ya kuamua. Kazi yake ni kuandika kile lebo inachosema, herufi kwa herufi, hata kama imekosewa, na kuongeza pembeni anachokijua.

Sheria pia isisahauliwe. Kunakili sahani yako kwa masikio yako ni jambo moja, kuuza flashi zilizojaa nyimbo za watu ni jingine. Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, rekodi ya sauti inalindwa kwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa, lakini utunzi wenyewe unalindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Rekodi ya mwaka 1970 inaweza kuwa imeachiwa huku wimbo ukiwa bado na mwenyewe, na mwenyewe huyo anaweza kuwa mjane anayeishi nyumba ya kupanga na hajawahi kuona hata shilingi.

Anayeanza wiki hii aanze na sahani moja, ile anayoipenda kidogo kuliko zote, ili makosa ya kwanza yaangukie hapo. Aioshe, aikaushe, aipige pande zote mbili. Na kabla hajairudisha kwenye ganda lake, aipige picha lebo, kisha aigeuze aipige na ya upande wa pili.